Dome C: namba tatu za anga moja

Dome C ni kilele cha barafu katika Antaktika ya Mashariki, mita 3,233 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 75 na dakika 6 kusini. Usidhani ni kilele cha mlima. Ukisimama hapo huoni mteremko wowote, ni uwanda mweupe mpaka upeo wa macho. Ufaransa na Italia zina kituo hapo, Concordia, ambacho watu walianza kukaa majira yote ya baridi mwaka 2005.

Miaka ile ya mwanzo, utulivu wa anga la Dome C ulipimwa kwa njia tatu, na majibu yakawa matatu: 0.54, 0.27 na 1.3. Kipimo ni sekunde ya tao, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja, na namba ikiwa ndogo anga ni tulivu zaidi. Ili kupata picha ya ukubwa wake, vilele bora vya Chile na Hawaii kwa kawaida huwa kati ya 0.6 na 0.8. Kwa hiyo namba ya kwanza iliweka Dome C juu kidogo ya vilele hivyo, ya pili ikaifanya mahali pasipo na mfano duniani, na ya tatu ikaishusha chini ya vilima vingi vya kawaida. Hakuna aliyekosea kupima. Namba zote tatu ni sahihi, na kila moja inaeleza kitu tofauti. Kisa hiki kina faida kwa yeyote anayepewa karatasi ya ubora wa anga na kutakiwa atoe uamuzi.

Kinachopimwa ni nini

Nuru ya nyota husafiri miaka mingi ikiwa imenyooka, kisha huvurugika katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya mwisho, inapokatiza hewa yetu. Vifuko vya hewa ya moto na ya baridi hupinda nuru kila kimoja kwa kiasi chake, kama lami ya mchana inavyofanya magari ya mbali yaonekane yanacheza. Nyota iliyopaswa kuwa nukta inatanuka na kuwa doa. Upana wa doa hilo ndio unaoandikwa kwa sekunde za tao, nasi hapa tutauita upana wa nyota.

Kuna njia nyingine ya kusema jambo hilohilo, ambayo watengenezaji wa darubini huipenda zaidi: kipenyo cha Fried, yaani upana wa kipande cha hewa ambacho nuru hukipita bila kuvurugika sana. Upana wa nyota ukiwa sekunde 1, kipenyo hicho ni sentimita 10 hivi kwa nuru ya nanomita 500. Ukiwa 0.27 kinafika sentimita 37. Ukiwa 1.3 hakifiki sentimita 8. Faida yake si uzuri wa picha peke yake. Kwa nyota hafifu inayozama katika mwanga wa anga, muda wa kuipiga picha hupungua kwa mraba wa upana wake. Kutoka 1.3 hadi 0.36 ni akiba ya muda ya takriban mara 13.

Namba ya kwanza: 0.54, jua likiwa juu

Kupima wakati wa kiangazi ni rahisi kwa sababu ndege zinafika, watu wapo, na baridi ni ya kuvumilika. Timu ya Chuo Kikuu cha Nice ilitumia kifaa kiitwacho DIMM. Ni darubini ndogo, mara nyingi ya sentimita 28, iliyofunikwa mdomo kwa bamba lenye matundu mawili ya sentimita chache, yaliyoachana sentimita 20 hivi. Tundu moja huwekewa kabari ya kioo, hivyo nyota moja hutoa madoa mawili kwenye kamera. Hewa ikiwa na msukosuko, umbali kati ya madoa hayo hubadilika kila mara, na kiasi cha mabadiliko hayo ndicho kinachogeuzwa kuwa upana wa nyota.

Nyota iliyotumika ni Canopus, ileile Suheli ya manahodha wa pwani yetu. Ni angavu kiasi kwamba huonekana kwenye darubini hata mchana, na kwa latitudo ya Dome C haizami kamwe.

Thamani ya kati ya vipimo vya kiangazi, yaani ile ambayo nusu ya vipimo iko chini yake, ilikuwa 0.54. Kwa vipimo vya mchana, jua likiwaka, hiyo ni ajabu. Ila ukitazama saa, unagundua jambo. Mchana jua hupasha theluji na hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu. Usiku, jua likiwa chini lakini halijazama, theluji hupoa na mpangilio hugeuka. Katikati ya hali hizo mbili, mnamo saa 11 jioni kwa saa za huko, tofauti ya joto hutoweka, hewa inakuwa na joto moja tangu chini hadi juu, na nyota hutulia. Sehemu kubwa ya uzuri wa namba hiyo ilitokana na saa hizo za alasiri. Majira ya baridi hayana alasiri.

Namba ya pili: 0.27, na maneno yaliyodondoka

Mwaka 2004, kabla watu hawajaanza kukaa Concordia majira ya baridi, Chuo Kikuu cha New South Wales cha Australia kiliacha huko kibanda kinachojiendesha, AASTINO, chenye injini za Stirling za kufua umeme. Ndani yake kulikuwa na vifaa viwili. Sodari hutuma mlio wa sauti juu na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na msukosuko wa hewa. MASS hupima jinsi nyota inavyometameta.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Septemba 2004: wastani wa 0.27, na kwa robo ya muda chini ya 0.15. Maandishi yale yalisema wazi kwamba ni juu ya mita 30 kutoka kwenye theluji. Maneno hayo ndiyo yaliyodondoka njiani habari ilipotembea.

Kwa nini mita 30? Sodari hutumia spika zilezile kutoa sauti na kusikiliza. Baada ya mlio, spika huendelea kutetema kwa muda mfupi, na mwangwi wa karibu hufunikwa na mtetemo huo. MASS nayo ina upofu wake: kumetameta hukua kadiri msukosuko unavyokuwa mbali na kifaa, hivyo tabaka lililo juu kidogo tu ya darubini halimetameshi nyota. Tabaka la chini kabisa ambalo MASS hulitambua vizuri liko karibu mita 500. Basi kuanzia mita 500 kwenda juu MASS inaona, kuanzia 30 kwenda juu sodari inaona, na kati ya theluji na mita 30 hakuna kifaa kilichotazama.

Namba ya tatu: 1.3, kutoka juu ya jukwaa

Majira ya baridi ya kwanza ya Concordia, 2005, DIMM iliwekwa juu ya jukwaa, mdomo wake ukiwa mita 8 na nusu hivi juu ya theluji. Thamani ya kati ilikuwa 1.3, na ilitawanyika sana. Sambamba na hiyo, puto zilirushwa zikiwa na vipimajoto vya nyaya nyembamba mno, viwili viwili, vinavyopima tofauti ya joto kati ya sehemu mbili zilizo karibu huku puto likipanda. Jibu la puto lilikuwa tabaka la msukosuko lenye unene wa takriban mita 36, na juu yake hewa tulivu inayotoa 0.36. Asilimia 87 ya msukosuko wote ilikuwa ndani ya mita zile 36.

Unaweza kuthibitisha hesabu hiyo mwenyewe kwa namba mbili tu, 1.3 ya DIMM na 0.36 ya puto. Upana wa nyota haujumlishwi moja kwa moja. Kila tabaka huchangia upana wake ukipandishwa kwa kipeo cha 5/3. Chukua 1.3 kwa kipeo hicho: 1.55. Chukua 0.36: 0.18. Gawanya, utapata kwamba hewa ya juu inachangia chini kidogo ya asilimia 12, na asilimia 88 iliyobaki iko chini. DIMM na puto ni vifaa viwili visivyofanana, na vinakubaliana kwa tofauti ya asilimia moja. Ukipata makubaliano ya namna hiyo, iamini data.

Ukiletewa ripoti ya mahali popote, fanya hesabu hiyo kwanza. Ikikataa, kuna kifaa kinachojipima chenyewe.

Thamani ya kati isiyotokea

Namba ya 1.3 nayo ina mtego. Vipimo vya miaka iliyofuata, vya DIMM zilizowekwa urefu wa mita 3, 8 na 20, vilionyesha kwamba tabaka la chini lina ukingo mkali kwa juu, kama maziwa yaliyotulia juu ya chai, na kwamba ukingo huo hupanda na kushuka. Thamani ya kati ya urefu wake ilikuwa mita 23 hadi 27. Ukichora vipimo vyote kwenye grafu moja hupati kichuguu kimoja, unapata viwili: kimoja karibu na 0.3 au 0.4, wakati ukingo umeshuka chini ya kifaa, na kingine mbali zaidi ya sekunde 1, wakati kifaa kimefunikwa. Katikati hakuna vingi.

Hapo thamani ya kati haielezi usiku wa kawaida. Inaeleza bonde lililo kati ya vichuguu viwili. Swali sahihi kwa mahali kama hapo ni hili: kwa urefu fulani, darubini itakuwa nje ya tabaka kwa asilimia ngapi ya muda? Ripoti inayotoa thamani ya kati peke yake, bila grafu na bila urefu wa kifaa, tungeirudisha kwa mwandishi.

Tabaka linatoka wapi

Majira ya baridi theluji hutoa joto lake kuelekea anga kavu lisilo na kitu cha kulizuia. Hewa inayoigusa hupoa nayo, ikawa baridi kuliko hewa ya makumi ya mita juu yake kwa nyuzi 20 na zaidi. Mpangilio huo kwa wenyewe ni tulivu, kwa sababu hewa nzito iko chini. Lakini upepo nao huongezeka haraka kadiri unavyopanda, na mkwaruzano kati ya upepo wa chini na wa juu huchanganya hewa zenye joto tofauti sana. Hata mchanganyiko mdogo unatosha kuvuruga nuru, kwa kuwa tofauti ya joto ni kubwa mno.

Unene wa tabaka unategemea mteremko. Hewa nzito ya baridi huteleza kuelekea pwani kama maji, na kadiri inavyosafiri inazidi kasi na kunenepa. Katika Ncha ya Kusini, kwenye kituo cha Marekani cha Amundsen-Scott, ambako barafu ina mteremko, puto za miaka ya 1990 zilipima tabaka la mita 220, upana wa 1.86 kutoka ardhini na 0.37 juu ya tabaka. Hewa ya juu, basi, ni sawa na ya Dome C! Tofauti ni kwamba hakuna atakayejenga mnara wa mita 220 kwa ajili ya darubini. Kwenye kilele cha barafu upepo unaoteleza ndiyo kwanza unaanza, kwa hiyo tabaka ni jembamba. Na Dome A, kilele kirefu kuliko vyote huko, penye kituo cha China cha Kunlun kwenye mita 4,087, DIMM ya mwaka 2019 iliyowekwa mita 8 ilikuta tabaka lenye thamani ya kati ya mita 13.9 tu. Kifaa kilikuwa nje ya tabaka kwa asilimia 31 ya muda, na hapo upana wa kati ulikuwa 0.31, mara nyingine ukishuka hadi 0.13.

Ukilinganisha 0.31 ya Dome A na 0.27 ya Dome C bila kutaja urefu, utachagua mahali pasipofaa.

Yanayoharibu kipimo

Jalidi ndiyo adui wa kila siku. Kioo kinachotazama anga hupoteza joto hadi kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na hewa hiyo imeshiba mvuke kwa kiwango cha barafu, hivyo fuwele hujijenga juu yake. Dawa ni kukipasha kioo nyuzi chache tu, kwa utando mwembamba unaopitisha umeme au hita ya pembeni. Ukizidisha, hewa ya moto inayopanda mbele ya kioo inatengeneza msukosuko wake, nawe unapima hita yako. Namna ya kugundua ni kuzima hita kwa dakika kumi na kutazama kama namba inashuka.

Fokasi nayo huhama. Bomba la alumini la mita 1, likitoka kwenye karakana ya nyuzi 20 hadi baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, hufupika milimita 1.8. Madoa yanavimba, kitovu chake kinakuwa kigumu kukipata, na kelele hiyo ya hesabu huongezwa kwenye mtikisiko wa kweli. Nondo za Invar, aloi ya chuma na nikeli isiyojikaza sana kwa baridi, hupunguza kosa hilo hadi karibu milimita 0.1. Grisi ya kawaida huganda, kebo za plastiki hukatika kama vijiti, na beringi za chuma ndani ya alumini hukwama kwa sababu alumini hujikaza zaidi.

Ni vizuri kujua kila kosa linasukuma namba upande gani. Jalidi, fokasi mbovu na hita huipandisha. Muda mrefu wa kupiga picha huishusha, kwa sababu mtikisiko hujifuta ndani ya picha moja. Ndiyo maana hupigwa picha za milisekunde 5 na 10 kwa kupokezana, kisha hesabu inarudishwa hadi muda wa sifuri.

Kimo cha nyota nacho husahaulika. Katika Dome C Canopus huzunguka kati ya nyuzi 38 na 68 juu ya upeo. Ikiwa chini, nuru hupita hewa nyingi zaidi na upana huongezeka kwa asilimia 34 ukilinganisha na utosini. Ikiwa juu, kwa asilimia 5 tu. Asiyerekebisha ataona anga likichafuka na kutulia kila baada ya saa 23 na dakika 56, na anaweza kuandika makala nzima kuhusu mzunguko ambao haupo.

Puto pia si la kuaminiwa kwa kila mita. Hupanda kwa takriban mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo hulivuka tabaka lote la mita 36 ndani ya sekunde 7. Kwa hewa ya kilomita 10 juu linafaa sana. Kwa hewa ya chini linakupa vipimo vichache tu, na hapo vipimajoto na vipimaupepo vilivyofungwa kwenye mnara ndivyo vyenye neno. Concordia ina mnara wa mita 45 kwa kazi hiyo.

Giza ni suala jingine

Usiku wa miezi mingi si giza la miezi mingi. Katika Dome C, tarehe 21 Juni, jua hushuka nyuzi 38 chini ya upeo usiku wa manane, lakini adhuhuri liko nyuzi 8.5 tu chini, na anga lina weupe. Giza kamili huhitaji nyuzi 18. Dome A adhuhuri hiyo hufika 13.8. Ni Ncha yenyewe inayopata giza lisilokatika, tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, lakini mwezi mpevu wa majira ya baridi nao hukaa juu huko kwa siku mfululizo bila kuzama. Nuru za kusini (aurora), yaani mwanga wa rangi unaowaka juu angani kwa umbo la duara kuzunguka ncha, wenye mistari mikali ya nanomita 557.7 na 630.0, hazisumbui sana Dome C kwa kuwa kituo kiko ndani ya duara hilo, karibu na ncha ya sumaku-dunia, na nuru hizo huonekana chini karibu na upeo.

Kuhusu mawingu, darubini ndogo ya ASTEP South, iliyokazwa kutazama ncha ya anga majira ya baridi ya 2008, ilihesabu hali bora kabisa kwa asilimia 56.3 hadi 68.4 ya muda, na hali mbaya asilimia 13.7. Katika nuru ya infraredi faida ni kubwa kuliko zote, kwa sababu ya baridi na mvuke mchache mno, na faida hiyo haitegemei mnara.

Mnara na kile ambacho DIMM haioni

Basi pandisha darubini mita 30, wengi husema, na kazi imekwisha. Hapa kuna jambo linalojificha ndani ya DIMM yenyewe. Kifaa hicho hupima tofauti kati ya madoa mawili. Jukwaa likitikisika kwa upepo, madoa yote mawili huhama pamoja na tofauti haibadiliki. Ndiyo sababu DIMM hufanya kazi vizuri hata juu ya mnara unaoyumba. Darubini ya kazi haina bahati hiyo. Mwinamo wa sekunde 0.3 ya tao, kwenye jukwaa lenye upana wa mita 1, ni upande mmoja kuinuka mikromita 1.5. Mnara wa mita 30 uliosimama juu ya theluji, si juu ya mwamba, hupita kiasi hicho kwa upepo mdogo tu, isipokuwa umejengwa mzito na kutenganishwa na ngazi wanazopanda watu, au darubini iwe na kioo kinachofuata mtikisiko huo mara nyingi kwa sekunde. Kwa hiyo 0.36 ya juu ya mnara ni namba ya hewa. Ya darubini hupatikana baada ya kuweka kipimamwinamo kwenye jukwaa lenyewe, majira ya baridi, na kujumlisha.